Kioo Changu Kutoka Kwa Reuben

Ukumbi wetu wa mazoezi haukuwa na kioo. Ukutani palikuwa na alama yake tu, mstatili mrefu wa rangi iliyobaki safi, na skrubu nne zilizoshika kutu. Wakubwa walisema kilivunjwa na mpira wa vijana waliokimbilia ndani siku ya mvua, na kwamba tuliahidiwa kingine. Tulingoja mpaka tukasahau tunangoja nini.

Kucheza baleti bila kioo ni kama kujisuka mwenyewe kisogoni: mikono inafanya kazi lakini hujui kinachotokea. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mitaa hii hii, aliyecheza ng'ambo miaka mingi akarudi na magoti yaliyokwisha. Yeye ndiye aliyebuni njia yetu. Kila aliyejiunga alipewa mwenzake, na huyo mwenzake ndiye aliyekuwa kioo chake. Unasimama, naye anasimama mbele yako, uso kwa uso. Ukiinua mkono wa kulia, yeye anainua wa kushoto, vile kioo hufanya. Ukipandisha bega, naye anapandisha. Ukitoa ulimi kwa sababu hatua ni ngumu, unaona ulimi ukitoka mbele yako, unaona haya, unaurudisha. Kioo hakicheki, na kioo hakisemi uongo. Hizo zilikuwa sheria zake mbili, na baada ya muda tuliacha hata kuitana kwa majina. Tuliitana kioo tu.

Kioo changu alikuwa msichana wa Mukuru kwa Reuben, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye shingo ambayo mwalimu aliitazama mara mbili siku ya kwanza. Mimi nilikaa Pipeline na mama yangu, ghorofa ya saba. Tulipewana tukiwa na miaka kumi na minne. Kwa miaka tisa niliyaona makosa yangu yote katika mwili wake, naye akayaona yake katika wangu, na sidhani kuna mtu, hata huyo atakayenioa, atakayenijua hivyo tena.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu na ndoto za mchana. Hasira zangu hupita haraka, hata mama huzicheka. Ndoto ndizo zilizoniponza.

Ilikuwa kampuni ya ajabu, ile yetu. Sisi wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, tulikuwa nusu yake, na nusu nyingine walikuwa wasichana na wavulana wa upande ule wa jiji wenye bustani, waliofanya mazoezi kwao na mwalimu wao. Wachache walitoka Nakuru na Kisumu. Mara moja kwa mwaka tuliunganishwa mjini, tukacheza onyesho moja katika jumba kubwa: kwanza ngoma za kale, baada ya mapumziko ngoma za kisasa. Onyesho ni moja tu. Ukilikosa, umelikosa mpaka mwaka mwingine.

Kioo changu alikuwa amelikosa mara zote. Mwaka mmoja viatu vyake vya kusimamia vidole vilikatika, na msaada wa viatu vikuukuu kutoka ng'ambo haukuwa na saizi yake. Mwaka mwingine ulikuwa mtihani. Mwaka mwingine matanga ya baba yake, na aliporudi kutoka kijijini kwao mstari ulikuwa umeshajaa. Kila mara alikuja akaketi nyuma kabisa akatupigia makofi kwa moyo mweupe. Lakini mwaka ule, mwalimu alipotaja majina sita ya kwetu katika ngoma ya wasichana wa ukungu, lake lilikuwa la tatu na langu la tano.

Tulikuwa tumekaa sakafuni, tukishona riboni za viatu. Aliuma uzi kwa meno, akaniambia polepole, bila kunitazama.

"Hii mwaka nisipopanda hiyo steji, basi. Nimechoka kupiga makofi."

"Utapanda," nikamwambia. "Nani atakukataza?"

Ngoma yenyewe haikuwa na nyota. Ni wasichana kumi na wawili wa ukungu wanaotoka ziwani alfajiri, sita upande huu na sita upande ule, na jua likichomoza wanayeyuka. Hakuna anayeruka juu, hakuna anayebebwa. Kazi yote ni kuwa kitu kimoja. Mwalimu alisema mtu akikukumbuka wewe peke yako baada ya ngoma ile, ujue umeiharibu. Niliipenda sana. Nikishona sare za shule na mama chini ya ghorofa yetu, mguu mmoja kwenye cherehani, nilikuwa ziwani. Mama akiniita mara ya tatu ndipo nasikia.

Basi ikawa hivi. Wiki ile ile tuliyoanza, kiwanda cha mabeseni ambapo kioo changu alikuwa kibarua kilipata kazi kubwa. Kabla ya hapo alikuwa akisimama getini asubuhi na kuchaguliwa siku mbili kwa wiki, tatu akibahatika. Sasa walimtaka kila siku, Jumapili ikiwemo, na kila kibarua anajua kwamba siku utakayosema leo siwezi, kesho mwingine amesimama pako. Nyumbani alikuwa na mama na wadogo zake watatu. Mazoezi yetu yalikuwa mchana. Alikwenda kwa mwalimu akamweleza, na mwalimu, ambaye si mtu wa huruma za bure, alifikiri kisha akasema atamwekea nafasi yake. "Siku ya kuungana na wenzetu mjini, njoo ukiijua. Nitakutafutia saa nikufundishe mwenyewe." Halafu akatutazama sote. "Na msifundishane nyumbani. Makosa huambukiza kama macho mekundu."

Saa ya mwalimu na saa ya kiwanda hazikukutana hata mara moja. Baada ya wiki moja kioo changu alinisubiri chini ya ghorofa, karibu na kibanda cha mama, bado amefunga kitambaa cha kazi kichwani.

"Niaje kioo."

"Poa. Mbona uko hivi?"

"Nifunze. Wewe unaijua."

"Ticha alikataza."

"Ticha hayuko hapa. Manze, nifunze."

Sikufikiri mara mbili. Nitakuwa mkweli: nilifurahi kuombwa. Kwa miaka tisa yeye ndiye alikuwa bora, na mimi nilijua, na kioo hakisemi uongo.

Tulipanda juu ya paa. Mkazi wa Pipeline hana uwanja, ana paa, na hata hilo unagawana na kamba za nguo na matangi ya maji. Kila jioni alikuja saa kumi na moja na nusu, akipanda ngazi zote zile baada ya kusimama kutwa mbele ya mashine, akinuka plastiki ya moto.

"Hizi ngazi zenu ziko na roho mbaya," angesema.

"Pumzika kwanza. Kunywa maji."

"Nikikaa siamki. Weka ngoma."

Nilikuwa na spika ndogo, kubwa kiasi cha kikombe cha chai. Niliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Zilikuwa jioni za Julai, baridi, na wingu la kijivu lilishuka mpaka likagusa ghorofa za mbali, zikawa kama zinaelea. Kamba za nguo zilikuwa pande zote, mashuka ya watu yakipumua na upepo. Ndege zilipita chini chini kuelekea uwanja wa ndege, karibu mpaka ukaona magurudumu yakitoka tumboni, na kwa muda mfupi muziki unazama, tunaendelea kucheza bila sauti, kisha ndege inapita na muziki unatukuta palepale. Nikifumba macho leo naisikia ile sabuni ya nguo. Naona uso wake kati ya shuka mbili, mtulivu, macho hayapepesi, mikono ikipanda na mikono yangu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na niseme wazi kwamba nikiikumbuka huwa naumia.

Kwa sababu tulikuwa tunatazamana.

Ukumbini, mwalimu akifundisha hatua mpya hutupa mgongo. Tunamfuata kwa nyuma: kulia kwake ni kulia kwetu. Ni baadaye tu, tukishaijua hatua, ndipo tunageukiana kila mtu na kioo chake ili kusafisha makosa. Nilipaswa kumpa mgongo kioo changu. Halikunijia kichwani hata mara moja. Miaka tisa nilikuwa nimesimama mbele yake uso kwa uso, na pia, sijui nisemeje, kwetu huwezi kumpa mgongo mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nane akiwa amechoka ili akuone. Nilisimama mbele yake. Nikaenda kulia, naye, kama alivyofunzwa tangu utotoni, akaenda kushoto. Wiki tano, jioni baada ya jioni, mpaka miguu yake ikaijua ngoma yote kuliko jina lake. Yote kinyume.

Mtu aliyekua na kioo cha ukutani hawezi kufanya kosa hilo. Ni letu sisi.

Siku ya kuungana, aliomba ruhusa ya nusu siku kiwandani akapewa kwa shingo upande. Tulifika mjini pamoja, katika chumba cha mazoezi chenye vioo kutoka sakafuni mpaka darini, na sisi wa Eastlands tukasimama mlangoni tukijitazama kama wageni wa harusi. Tulikuwa wengi ghafla. Wenzetu wa upande ule walikuwa wakarimu, walitusogezea nafasi. Tukapanga mistari miwili, sita huku, sita kule. Muziki ukaanza. Sote wa upande wetu tukateleza kulia, na kioo changu akateleza kushoto.

Alimgonga mwenzetu aliyekuwa nyuma yake kifuani. Wote wawili wakaanguka. Kikasikika kicheko kimoja nyuma kisha kikanyamazishwa. Mimi nilikuwa watu wawili mbele yake, nikageuka, nikamwona sakafuni akinitazama, na wakati ule ule sote wawili tukajua. Sikuhitaji kuambiwa. Niliona paa, niliona mashuka, niliona mikono yetu ikipanda pamoja.

Mwalimu alikuja akiburuta goti.

"Hii ngoma umeijulia wapi?"

Kioo changu alisimama, akajipangusa. "Nilijishikia tu kwa video, mwalimu. Kwa simu."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

Mwalimu alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Angegeuza kichwa tu angeniona. Nilikuwa na neno mdomoni, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikafikiri: amekataza, akijua, anatutoa sote wawili, haitamsaidia yeyote. Nikafikiri nitamwambia baadaye, akiwa peke yake. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa kukosa ziwa langu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, nikamwacha mwenzangu ale peke yake.

Mwalimu alimpa siku kumi. Alikuwa mtu wa haki. Alisema, "Ukinionyesha siku ya kumi kwamba umeijua, utacheza." Kioo changu aliacha kwenda kiwandani siku hizo kumi, na sote tulijua ina maana gani.

Mazoea yana taabu. Kichwa chake kilijua kulia ni wapi, hata angeamshwa usingizini angesema. Lakini muziki ukianza miguu ilikuwa na kumbukumbu yake, na kati ya kichwa na miguu palikuwa na kusitasita kidogo, kiasi cha kupepesa jicho. Katika ngoma nyingine ungesamehewa. Katika ngoma ambayo kazi yake yote ni kuwa kitu kimoja, jicho lote la ukumbi linakwenda hapo. Na baada ya siku ya kwanza hakuthubutu tena kuicheza vile alivyoijua. Alikuwa akiwaibia wenzake kwa pembe ya jicho, akichanganya, nusu yake na nusu yao, mpaka aliyemtazama asingejua kwamba msichana huyu ana ngoma nzima ndani yake.

Vile vioo navyo vilimtesa. Alizoea kioo chenye uso wa mtu. Nilimwona akijitazama mle ndani kama anayetafuta aliyepotea.

Nami siku hizo nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye mstari, nikiota. Naomba nieleweke: sikusahau. Lakini muziki ukianza niliona wale sita wa upande ule wakija kutoka ziwani, sisi tukienda kulia wao wakienda kushoto, mkono wetu huu na mkono wao ule, tukikutana katikati na kuachana, na nilipendezwa mpaka machozi yakanilenga. Niliwatazama siku kumi. Niliona uzuri wao na sikuona kitu kingine chochote.

Kati yetu wawili hatukulitaja. Tulisalimiana. Tulishoneana riboni. Siku ya saba nilimwambia, "Kioo, pole," akasema, "Ya nini?" na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba nilipata hasira, ndiyo, mimi nilipata hasira naye. Nilitaka anitukane. Nilimjibu vibaya jambo fulani kuhusu pini za nywele, nikaondoka. Mwenye kosa ndiye mwenye makelele.

Siku ya kumi mwalimu alimwita kando. Sikusikia maneno. Nilimwona akiitikia kwa kichwa mara tatu, kisha akaja akavua viatu vyake vya vidole, akaviweka ndani ya mfuko wa unga, akaukunja mdomo vizuri. Msichana wa Nakuru aliyekuwa wa akiba akapewa nafasi.

"Utakuja kuniona?" nikamwuliza. Ulimi hauna mfupa. Kati ya maneno yote duniani, hayo ndiyo yaliyonitoka.

"Nitakuja," akasema. "Si mimi ndio kioo yako?"

Sketi zetu zilishonwa na mama. Kampuni haikuwa na uwezo wa kuagiza kitambaa chenyewe, kwa hiyo mama alinunua neti nyeupe ya chandarua, akaikata, akaikunja tabaka nne nne. Usiku kucha chumba chetu kilikuwa wingu. "Mnakwenda kucheza mkiwa mmevaa chandarua," alisema huku pini zikiwa mdomoni. "Angalau mbu watawaheshimu." Mama ni mtu wa magharibi mwa nchi, na kwao ngoma huchezwa na mabega na ardhi inajibu. Hakuelewa kwa nini watu wazima wanataka kusimama juu ya vidole kama wanachungulia uani kwa jirani. Lakini alishona sketi kumi na mbili, na alipofika ya kumi na tatu akauliza, "Na ya yule mrefu?" Nikamwambia hatacheza. Akauliza kwa nini. Nikasema hakuijua ngoma vizuri.

Mama aliitazama ile sketi ya kumi na tatu, akaikunja akaiweka juu ya kabati.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Nimejaribu mara nyingi kulieleza na nashindwa, kwa sababu nililicheza kama mtu aliyelala. Moshi mweupe ulitambaa chini mpaka magotini. Taa ilikuwa ya buluu, kisha ya waridi, polepole kama mapambazuko ya kweli. Sikuwa na jina. Nilikuwa mkono mmoja kati ya mikono ishirini na minne, pumzi moja. Mbele yetu palikuwa na giza, na ndani ya giza watu mamia wasioonekana, wakipumua. Mara moja tu niliamka: katikati ya ngoma, tunaposimama na kutazama mbele, nilihisi, siwezi kusema vinginevyo, kwamba kuna mtu mle gizani ananishika. Kisha muziki ukatuchukua, jua likatoka, tukayeyuka. Makofi yalikuja kutoka mbali, kama mvua inayoanza kwenye mabati ya majirani.

Nilimkuta mama kwenye ukumbi wa nje, amevaa kitenge chake cha kanisani, macho mekundu. Nilidhani atanitania. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Nimeona," akasema. "Sijui nimeona nini, lakini nimeona. Mlifanana nyote, nisingekujua. Rafiki yako ndiye aliyenionyesha. 'Yule pale, mama, wa tano.'"

"Yuko wapi?"

"Ametangulia getini. Hakutaka msongamano." Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo dogo lililompendeza, "Unajua alikuwa anacheza? Pale kitini. Miguu yake ilikuwa inakwenda chini ya kiti, na mikono hivi, juu ya mapaja. Ukienda huku naye anaenda huku. Ukienda kule naye yuko kule. Ngoma nzima. Nilikuwa natazama wewe, namtazama yeye, hamkuachana hata mara moja. Sasa wewe uliniambia haijui, ukimaanisha nini?"

Nilirudi ndani nikikimbia, na sketi ya chandarua ikinasa kwenye milango. Mwalimu alikuwa nyuma ya jukwaa, akikunja nguo na kuzipanga ndani ya sanduku. Wengine walikuwa wakipiga picha.

"Mwalimu, ni mimi nilimfundisha. Yule. Juu ya paa, Pipeline. Ni mimi."

Aliendelea kukunja. "Ulimfundisha vipi?"

"Tulikuwa tunatazamana."

Mikono yake ikasimama. "Mlikuwa mnatazamana. Ngoma yote?"

"Yote."

Aliketi juu ya sanduku, polepole, kwa sababu ya magoti. Jukwaani mafundi walikuwa wakizima taa moja baada ya nyingine.

"Kumbe aliijua," akasema. "Aliijua yote. Aliijua ya upande ule mwingine." Akaonyesha jukwaa kwa kidole, upande wa wale sita. "Ungeniambia, ningemhamisha tu. Ningemleta mmoja wa wale huku. Hao wamelelewa na vioo, ngoma wanaigeuza kwa siku moja. Yeye angesimama pale, na angekuwa bora kuliko wote. Bora kuliko wewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Niliuliza nikiwa nimesimama karibu nawe."

"Ndiyo."

"Ukangoja pazia lifungwe."

Nilitaka anifukuze. Nilisimama pale nikingoja anifukuze, na angefanya hivyo ningelala vizuri usiku ule. Badala yake aliniambia nivue sketi nisiirarue, kwani itahitajika mwakani.

Getini jua la jioni lilikuwa bado. Kioo changu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kanga mabegani, na mama amesimama kando yake akila njugu karanga. Mama aliponiona akanifungulia mkono, akauweka begani mwangu, kama mtu anayejivunia mtoto. Watu walikuwa wakipita, wengine wakinigeukia na kutabasamu kwa sababu ya rangi usoni mwangu.

"Nimemwambia ticha," nikasema.

Kioo changu aliinua macho. "Sai? Na imeisha?"

"Sai."

"Akasemaje?"

Ningeweza kumwambia nusu. Nusu ingetosha, na ingemuumiza kidogo. Lakini uso wake ulikuwa pale mbele ya wangu, na sikuweza.

"Amesema hukuwa umekosea. Ulikuwa unaijua ya wale wengine, wa upande ule. Yote, sawasawa. Ilikuwa ni kukuhamisha upande tu. Ningesema siku ile ile, leo ungekuwa umecheza."

Hakulia. Alitazama barabara, magari yakipita. Midomo yake ilisogea kidogo, na nadhani alikuwa akiupitia ule muziki, upande ule mwingine, hatua kwa hatua, akijiona humo.

"Sikuwa nimekosea," akasema.

"Hukuwa umekosea."

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Sasa mwambie mama."

Nikamgeukia mama yangu, aliyekuwa hajui lolote, nikamwambia yote: paa, swali la mwalimu, siku kumi, na kile nilichomwambia yeye juu ya ile sketi ya kumi na tatu. Nilisema kwa ufupi na sikujitetea. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake begani mwangu, akainama, akamshika kioo changu mkono na kumwinua, wakatangulia wawili kwenda stendi, nami nikawafuata nyuma.